Daktari wa Ukoga wa Miti Kiwandani

Sifa zimrudie Mungu, anayeteremsha ukungu wa asubuhi juu ya vilima vya Kericho na Bomet na kuuinua tena bila kuombwa na mtu. Alinisomesha kwa mikono ya watu wengi, akanipa kazi ambayo sikuiomba, na katika uzee huu ameniachia macho ya kutosha kuandika. Bila yeye nisingekuwa na la kusimulia.

Vijana wangu, ninawaandikia ninyi mliosoma hadi shahada ya mwisho, halafu mkarudi nyumbani mkakuta hakuna chuo kinachowangoja. Jumapili moja baada ya ibada, Chepkoech, binti wa jirani yangu, alinisimamisha langoni mwa kanisa. Huyu binti ana udaktari wa historia. Aliandika juu ya masoko ya zamani, jinsi watu wa huku na wa nyanda za chini kule Soin walivyokutana kubadilishana nafaka na mifugo. Siku hizi anafuga kuku.

"Mzee," akaniuliza, "nilisoma bure?"

Kufuga kuku si aibu, na mayai yake ni mazuri, tunayala nyumbani kwangu. Lakini hakuwa akiniuliza habari za mayai. Swali kama hilo halijibiwi mtu akiwa amesimama langoni na kofia mkononi, kwa hiyo nilimwambia, "Nipe nafasi, mwanangu." Haya ndiyo majibu yangu kwake, na kwa yeyote mwenye swali lile lile.

Mimi nilisomea ukoga wa miti. Yale magamba ya kijivu na kijani mnayoyaona kwenye magome, ambayo vitabu huyaita kuvumwani. Miaka mizima nilizunguka msituni na kioo cha kukuzia, nikipiga magoti mbele ya miti hata wachungaji wa ng'ombe wakadhani nimeanzisha dini. Nilichotaka kujua ni jinsi ukoga unavyokunywa hewa. Hauna mizizi ya maana. Chochote kinachopita angani, kiwe moshi au vumbi, unakinywa na kukaa nacho. Ndiyo elimu niliyorudi nayo nyumbani Kapkatet.

Kanisa letu lilinichangia nikienda, na mchungaji aliomba akiwa ameniwekea mkono kichwani: "Bwana, umrudishe akiwa profesa." Mama yangu alisema amina kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. Basi nilirudi daktari, lakini uprofesa haukuja. Niliomba nafasi kila ilipotangazwa, nikajibiwa kwa heshima, au nisijibiwe kabisa. Wakati huo jirani mmoja aliniletea ndama anayehara. Nikamweleza kwamba mimi si daktari wa mifugo.

"Basi wa watu?"

"Wala wa watu."

"Sasa wewe ni daktari wa nani?"

"Wa ukoga wa miti."

Alinitazama kwa huruma, akamtazama ndama, akasema, "Twende, pole," na sijui hadi leo pole ile ilikuwa ya nani kati yetu.

Kituoni, pale wakulima wanapopimiwa majani chai kabla lori la kiwanda halijayachukua, wanawake walimtania mama: "Kogo," yaani bibi mzee, "profesa wako amepewa darasa gani?" Naye alijibu, "Mungu bado anafagia darasa." Alikuwa akiwachekea, lakini nilikuwa namjua. Jioni aliimba kwa sauti ya chini, na nyimbo zake zilikuwa za watu wanaongoja.

Kazi niliyopata ilikuwa ya msaidizi katika idara ya ubora, kwenye kiwanda kilichokuwa kikichukua majani ya kwetu. Meneja alisoma vyeti vyangu, akacheka kidogo, akasema, "Daktari, hapa hatuna wagonjwa. Lakini una subira?" Nikamwambia nimewahi kungoja kidoa cha ukoga kiongezeke upana wa ukucha. Akaniajiri.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mwonjaji mkuu, Madam Chelang'at, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Siku ya kwanza alinipa kijiko na kikombe. Nikanywa taratibu, kama mgeni.

"Hapana," akasema. "Vuta kwa kelele, na hewa ndani. Kunywa kama mtu asiye na adabu, halafu uteme."

Nikavuta, nikapaliwa, nikalirushia koti lake jeupe matone. Alijipangusa bila kukasirika. "Ulimi wako umesoma," akasema, "ila haujafanya mtihani." Kwa majuma mengi sikuweza kutofautisha chai iliyochachuka kupita kiasi na iliyokaushwa ikaungua. Lakini nikagundua kitu: chuoni nilizoea kuwa mtu asiyejua. Mwenye shahada ya uzamifu ni nani, kama si mtu aliyekubali kukaa miaka ndani ya jambo asilolijua, bila kukimbia na bila kudanganya? Subira ile ilinifaa kuliko jina lolote la Kilatini. Ishikeni hiyo, maana haipotei hata kazi ikibadilika.

Kuna ambayo ilibidi niyaache pia. Mara ya kwanza kuzungumza na wakulima nilianza na historia ya mmea wa chai, nikapita kwa watafiti walionitangulia, nikaeleza mipaka ya utafiti wangu. Nilikuwa bado sijafika penye jambo lenyewe mzee mmoja akainua fimbo. "Kijana, tuchume ama tusichume?" Watu wakacheka, nami nikacheka, ingawa masikio yaliwaka. Toka siku hiyo nilianza na jibu, kisha sababu, na mengine yote nikayaweka mfukoni kwa atakayeuliza. Kuandika kwangu kukabadilika vilevile. Ripoti zangu zikawa ukurasa mmoja. Profesa wangu angelia.

Sasa niwape kisa nilichokusudia.

Msimu mmoja wa mvua ndefu, chai yetu ilianza kunuka moshi. Si kila siku. Madam Chelang'at alikuwa akivuta kikombe, anakunja uso, anasema, "Tena." Tulikagua matanuri ya kiwanda, hayakuwa na ufa. Tukafuatilia, tukaona harufu inakuja siku ambazo majani ya kituo cha kwetu yameingia. Wanunuzi walikuwa wameanza kulalamika, na meneja akataka mwenye kosa apatikane.

Wakulima walikuwa wamempata tayari. "Ni Mokaya," wote walisema.

Mokaya ndiye aliyeendesha lori la kituo chetu. Wazazi wake walihamia huku kutoka milima ya Kisii kufanya kazi mashambani, yeye akazaliwa na kukulia huku, lakini ikitokea shida alikuwa bado mgeni. Ilisemekana anabeba makaa ya magendo kwenye lori la majani. Mama yangu, ambaye neno lake kituoni lilikuwa na uzito kuliko la mwenyekiti, alisema hadharani, "Yule kijana anatuharibia chai yetu. Aondolewe."

Meneja aliniambia wazi kwamba juma likiisha bila jibu lingine, Mokaya anafukuzwa. Mokaya alikuwa na watoto wadogo na mke mjamzito. Nilimkuta nyuma ya karakana, amekaa kwenye gurudumu kuukuu.

"Daktari, nikuambie ukweli," akasema. "Nilibeba makaa. Gunia moja, la mama mkwe, kutoka Kedowa. Liliketi mbele na mimi kama abiria. Ilikuwa kiangazi, kabla hii harufu ianze. Wakinifukuza kwa hilo gunia, sawa. Lakini hii chai sijaiguza."

Profesa wangu alikuwa na neno moja aliloturudia tukiingia msituni: usiuulize mti swali ambalo umeshalijibu. Wote waliofika kituoni kabla yangu waliuliza, "Nani anaharibu chai?" na watu wakajibu walivyoulizwa, kwa jina la mtu. Mimi sikuuliza nani. Nilimwomba mkulima mmoja baada ya mwingine, "Nitembeze. Nionyeshe njia ya jani kutoka kwa mti hadi kwa karani wa mizani." Nikatembea nao kwenye matope, nikibeba vikapu, nikinyamaza. Hiyo ndiyo kazi niliyofunzwa msituni, kuangalia bila haraka. Sikuona kitu kibaya. Majani mazuri, mawili na chipukizi, hayajabanwa wala hayajalowa.

Siku moja alasiri mvua ikanifukuza hadi jikoni kwa mama. Alinipa chai, nikaketi kwenye kigoda changu cha utotoni. Moshi ulikuwa ukipanda kutoka kwenye meko hadi dari ya fito, mahali ambapo huku kwetu tunahifadhi kila kitu cha thamani: mahindi ya mbegu, vibuyu vya mursik, yale maziwa yetu ya mgando, mtama wa kuanzia msimu. Na katikati ya mahindi kulikuwa na kikapu chake cha kuchumia chai.

Nimekaa jikoni mle tangu kuzaliwa. Nadhani ndiyo sababu sikuwa nimewahi kupatazama.

"Mama, kikapu kinafanya nini huko juu?"

"Si karani wenu alirudisha vikapu vyenye kuvu? Akasema tulete vikavu. Na jua liko wapi?" Akageuza kuni. "Nikakumbuka mbegu. Kilichopitia moshi hakiozi. Nimewafundisha kina mama wote wa maombi, na sasa hakuna kikapu chenye kuvu hapa kwetu."

Alisema hivyo kwa furaha ya mtu aliyetii agizo na kulipita. Nilikunywa chai yangu yote.

Vijana, hapa ndipo nataka mnisikilize sana. Nilijua jani la chai, kama ukoga wa miti, hunywa lililo karibu nalo. Nikajua pia kwamba nikinyamaza hakuna atakayegundua. Juma lingeisha, Mokaya angeondoka, kiangazi kingekuja, vikapu vingeshuka kutoka darini vyenyewe, na harufu ingekwisha. Watu wangesema, "Mmeona? Alikuwa ni yeye." Na mama yangu angebaki na jina lake. Mokaya hakuwa ndugu yangu. Huyu alikuwa mama aliyenizaa, aliyekwisha kuchekwa kwa ajili yangu.

Niliomba. Sikusikia sauti. Nilichokumbuka ni jambo la chuoni: mwaka mmoja vipimo vyangu vilipinga kitabu cha profesa wangu mwenyewe. Nilimpelekea. Alisoma, kisha akasema, "Andika ulichoona. Mimi nitajitunza." Nilikuwa nimedhani hilo ni somo la sayansi. Kumbe lilikuwa ni amri ya kutoshuhudia uongo, ile niliyofundishwa Shule ya Jumapili, imevaa koti la maabara.

Nikaomba mkutano kituoni. Sikusimama kumtaja mama. Nilisema nina mashaka mawili, lori na vikapu vinavyokaushwa juu ya moto, na kwamba bado sijui ni lipi. Hiyo ilikuwa kweli. Kudhani si kujua. Kisha mama akasimama, akajifunga leso kiunoni.

"Weri," akasema, ndivyo tunavyomwita mtoto wa kiume, na mimi nilikuwa na mvi tayari. "Umeona, ama unakisia?"

"Ninakisia, mama."

"Sasa unakisia juu ya vikapu vya watu wazima. Na kama ni lori?"

"Ndiyo maana nataka kupima yote mawili. Majani ya shamba moja, asubuhi moja. Mengine kwenye vikapu vya moshi, mengine kwenye vikapu vilivyooshwa na kukaushwa mbali na moto. Kila aina, nusu iende na lori la Mokaya, nusu iende na gari lingine."

"Na nani atachagua hayo majani? Wewe?"

"Chagueni ninyi."

"Na huyo mwonjaji wenu akijua kikombe gani ni cha nani?"

"Hatajua. Karani ataweka alama chini ya vikombe. Hata mimi sitajua."

"Na kama harufu imo shambani?"

"Basi itaonekana kwenye vikombe vyote."

Akafikiri. Nilitetea tasnifu yangu mbele ya maprofesa wenye majoho, vijana, na sikuwahi kuulizwa maswali makali na ya haki kama yale. "Haya," akasema hatimaye. "Lakini nitakuja kuonja mwenyewe. Na yule dereva pia aje."

Tukafanya. Majani yale tuliyanyausha, tukayakata kwa kimashine cha majaribio, tukayaacha yachachuke, tukayakausha, kila fungu peke yake. Siku ya kuonja walikuwepo meneja, mwenyekiti wa kituo, Mokaya aliyesimama karibu na mlango, na mama katika nguo yake ya kanisa. Madam Chelang'at alipita mezani akivuta na kutema. Kisha akasukuma vikombe viwili upande mmoja.

"Hivi," akasema.

Karani alikuwa bado hajageuza hata kimoja. Mama akasogea. Akakataa kijiko, akainua kikombe kwa mikono miwili kama anavyokunywa nyumbani, akanywa. Akakirudisha. Akachukua cha pili, kidogo tu. Alikaa na ladha ile mdomoni muda mrefu, na nikaona uso wake ukibadilika polepole, kama mtu anayesikia sauti anayoijua ikimwita kutoka barabarani.

"Usigeuze," akamwambia karani. "Huu ni moshi wa jikoni kwangu."

Karani aligeuza, maana ndiyo kazi. Vyote viwili vilitoka kwenye vikapu vya moshi. Kimoja kilisafiri na lori la Mokaya, kingine hakikulikaribia. Na chai ya vikapu safi iliyopanda lori lake ilikuwa tamu kabisa.

Meneja alitaka kusema kitu, Madam Chelang'at akamgusa mkono. Mama hakunitazama. Alimtazama Mokaya, akashindwa kuanza, akatoka nje. Usiku ule sikulala vizuri. Niliona nimemvua mama yangu nguo mbele za watu.

Siku iliyofuata ya kupima majani, alikuja kituoni bila kikapu. Alibeba kibuyu cha mursik, kile chenye shanga, ambacho kwetu hakitolewi ila kumpokea mtu aliyerudi na ushindi. Watu wakaacha foleni. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye mlango wa lori.

"Mokaya, shuka."

Mokaya akashuka.

"Nilikusema vibaya mbele ya hawa watu, na ni mbele yao ninarudi. Moshi ulikuwa wangu. Wewe ni mtoto wa hapa. Kunywa."

Mokaya alipokea kibuyu kwa mikono miwili. Aliinusa ile mursik, iliyotiwa masizi ya mkaa kama inavyotakiwa, akamtazama mama kwa woga wa kuigiza. "Mama, sasa na hii mbona inanuka moshi?"

Kisha mama yangu akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu nirudi kutoka chuoni. "Kunywa, we mjinga! Hapo ndipo mahali pake!"

Akanywa, akawa na masharubu ya kijivu, na kituo kizima kikacheka hadi karani akashindwa kusoma mizani.

Kiwanda baadaye kiliwajengea wakulima wa kituo chetu kibanda cha kuanikia vikapu, na siku za jua vikapu vilipinduliwa juu ya ua kote barabarani. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kina mama walipomuuliza tena profesa wake amepewa darasa gani, alijibu, "Mimi nimekaa ndani yake, na nikaanguka mtihani." Kisha akacheka. Mchungaji aliwahi kumuuliza kama waendelee kuombea ule uprofesa, akamwambia aache, Mungu asisumbuliwe kwa jambo alilokwisha kulijibu.

Siku hizi kazi imebadilika. Kuna mashine za kuchuma, kuna vipimo vya kompyuta vinavyotaja harufu kwa namba. Ukoga wa miti sikuwahi kuulizwa tena kazini. Lakini kuuliza swali lisilo na mshtakiwa ndani yake, kupanga jaribio ambalo linaweza kukuaibisha wewe mwenyewe, kusimama mbele ya maswali makali bila hasira, na kuandika ulichoona hata kikimgusa umpendaye, hayo nilifundishwa chuoni, na hayo ndiyo yaliyomwachia Mokaya kazi yake. Alistaafu akiwa msimamizi wa magari yote. Mtoto yule aliyekuwa tumboni ni mwalimu.

Chepkoech mwanangu, wewe ulikaa miaka na wazee ukiwasikiliza juu ya masoko, ukapatanisha masimulizi ya watu wasiopatana. Nakuambia huku kwetu kuna vyama vya wakulima, mahakama, hospitali na ofisi za ardhi ambako watu wanataja jina la Mokaya wao kila siku kwa sababu hakuna aliyewauliza vizuri. Kafuge kuku, lakini usikae nao tu. Nenda kagonge milango. Usianze na vyeti. Anza na tatizo lao, na uwaambie utakavyolitazama. Ukichekwa kama nilivyochekwa, cheka nao, halafu uombe utembezwe.

Nawe unayesoma haya, Mungu akupe macho ya kuona jikoni ulimozaliwa. Akupe ulimi usiomhukumu jirani kabla ya kuonja, na moyo wa kunywa kikombe chako ukweli unapokuwa mchungu. Kazi ya mikono yako ipate jua la kutosha, na wale waliosema amina ulipoondoka waishi hadi waione. Amina.